Tukakoma: Kompyuta, Kiswahili na Kihaya katika Utafiti wa Maruku

Utangulizi

Katika Kihaya, lugha ya wenyeji wa Bukoba na Muleba, kitenzi okukoma maana yake ni kufunga kwa kamba. Watu waliofunga kitu mapema leo husema twakoma. Waliofunga jana husema tukomile. Waliofunga juzi, au mwaka uliopita, au zamani za mababu, husema tukakoma. Tahajia hii haionyeshi toni wala urefu wa irabu, ambavyo vyote vina kazi kubwa katika lugha hiyo. Lakini ndivyo watu wengi wanavyoandika katika barua, katika daftari na katika simu. Wakati uliopita wa Kihaya, kwa hiyo, una ngazi tatu, na msemaji hana budi kuchagua mojawapo kabla hajafungua kinywa. Jambo hili lilielezwa katika kitabu cha muundo wa sarufi ya Kihaya cha mwaka 1977, kilichohaririwa na Ernest Byarushengo, Alessandro Duranti na Larry Hyman, na Bernard Comrie akalitumia kuwa mfano katika kitabu chake kuhusu njeo cha mwaka 1985.

Sasa maneno hayo matatu na yapewe programu ya kompyuta inayochanganua sarufi ya Kiswahili. Tukomile itakataliwa mara moja, kwa kuwa Kiswahili hakina kitenzi chenye kiishio hicho. Tukakoma itakubaliwa bila shaka yoyote: tu- ya nafsi ya kwanza wingi, -ka- ya mfululizo, mzizi -kom-, kiishio -a, maana, "kisha tukaacha". Twakoma nayo itakubaliwa: ni njeo ya -a-, maana, "tunaacha". Programu imekosea mara tatu, lakini makosa hayo si sawa. Kosa la kwanza linaonekana, kwa sababu neno limerudishwa likiwa na alama ya kutojulikana, na binadamu atalitazama. Makosa mawili yanayofuata hayaonekani. Yanaingia katika jedwali yakiwa yamevaa nguo safi za Kiswahili sanifu, na kufunga kumekuwa kuacha, na juzi imekuwa hatua ya pili katika hadithi.

Mhadhara huu unahusu makosa ya namna hiyo ya pili. Unakusudia kuonyesha kwamba elimu ya kompyuta nchini Tanzania, tangu ilipoanza kufikiriwa, imeshughulika mno na majina ya mashine na viungo vyake, na kidogo sana na kazi iliyo ngumu zaidi: kuamua taarifa zigawanywe vipi kabla mashine haijazigusa. Kazi hiyo hufanywa kwa lugha. Maruku imechaguliwa kwa sababu lugha tatu hukutana pale kila siku ya kazi: Kiingereza cha ripoti, Kiswahili cha ugani na ofisi, na Kihaya cha shambani.

Maruku na maneno yake matatu

Maruku ipo kusini mwa mji wa Bukoba, katika nchi ya vilima inayopakana na Ziwa Viktoria. Katika taaluma inajulikana kwa kituo chake cha utafiti wa kilimo, ambacho leo ni tawi la Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Kituo kinashughulika hasa na mgomba. Pembeni yake kipo chuo cha kilimo kinachoandaa maafisa ugani, watu ambao kazi yao, ukiitazama vizuri, ni kutafsiri kwenda na kurudi.

Mwaka 1998 F. P. Baijukya, mtafiti wa Maruku, pamoja na B. de Steenhuijsen Piters walichapisha makala kuhusu mizania ya virutubisho katika mifumo ya kilimo cha migomba wilayani Bukoba. Swali lao lilikuwa rahisi kulitaja: katika shamba la kaya, naitrojeni, fosforasi na potasiamu kiasi gani huingia na kiasi gani hutoka? Kinachoingia ni samadi, nyasi za kutandaza, majivu na takataka za jikoni. Kinachotoka ni mikungu inayouzwa, kahawa, mmomonyoko na virutubisho vinavyozama chini kwa mvua nyingi za ukanda ule. Tofauti ya kaya yenye ng'ombe na kaya isiyo na ng'ombe huonekana hapo waziwazi, kwa sababu ng'ombe ndiye anayebeba rutuba ya mbugani na kuileta nyumbani. Kwa mtu wa kompyuta hii ni hesabu ya lahajedwali: safu mlalo, safu wima, jumlisha, toa.

Lakini kabla ya kujumlisha na kutoa kulikuwa na uamuzi. Ardhi igawanywe katika mafungu gani? Watafiti wa Bukoba na Muleba hawakuchukua mgawanyo kutoka katika kitabu cha Ulaya. Walichukua ule wa Wahaya wenyewe. Kibanja ni shamba linaloizunguka nyumba, lenye migomba, mibuni na maharage chini yake, lililotunzwa kwa samadi kizazi hadi kizazi. Kikamba ni ardhi iliyo kando, yenye rutuba ndogo zaidi, ambako hupandwa mazao ya msimu. Rweya ni nchi ya nyasi: malisho, nyasi za kutandaza, na vipande vinavyolimwa njugu mawe kisha vikaachwa vipumzike. Maneno hayo matatu yamo katika makala za Kiingereza kama yalivyo, bila kutafsiriwa, kwa sababu kila tafsiri ingevunja hesabu. Ukiita kibanja "bustani ya nyumbani" umepoteza historia ya samadi. Ukiita rweya "ardhi isiyotumika", kama wapimaji wengi walivyoelekea kufanya katika Afrika ya Mashariki, umefuta chanzo cha nyasi zote zinazoingia katika mizania, na matokeo yako yatasema kwamba rutuba ya kibanja hutoka mbinguni.

Mfano huu unastahili kusimamiwa kidogo. Hapa hesabu za kisayansi zilisimama juu ya uainishaji wa lugha ambayo haikuwa na istilahi hata moja ya kompyuta. Kihaya hakikuwa na neno la hifadhidata. Kilikuwa na hifadhidata yenyewe.

Mashine ya Hazina na marufuku ya 1974

Historia ya kompyuta Tanzania kwa kawaida huanzia mahali pengine kabisa. Kompyuta ya kwanza, aina ya ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mahesabu ya serikali yaliyokuwa yamehamishiwa kwenye mashine yalikwama, na Hazina ikalazimika kurudia kazi ya mkono. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali, na televisheni zikaingizwa katika amri hiyohiyo. Masharti yalilegezwa taratibu katika miaka ya 1980, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 yalikuwa yamekwisha.

Marufuku hiyo imelaumiwa sana, na lawama nyingi ni za haki: kizazi kizima cha wanafunzi wa vyuo kilisoma hisabati bila kugusa mashine. Hata hivyo ipo sehemu ya kisa hicho ambayo husahauliwa. Wachambuzi waliokichunguza, akiwamo Klodwig Mgaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walionyesha uhaba wa wataalamu wa ndani na udhaifu wa maandalizi. Si chuma kilichoshindwa pale Hazina. Kilichoshindwa ni kule kuhamisha kazi ya karani kwenda kwenye mashine bila mtu wa kati aliyezielewa zote mbili. Mtu huyo wa kati hana jina zuri katika Kiswahili hata leo, na hilo lenyewe ni ushahidi.

Kompyuta ziliporudi, zilirudi na kozi. Kozi hizo zilifundisha kuwasha, kuandika barua, kuhifadhi faili na kuzima. Hakuna ubaya; lakini ujuzi wa kompyuta uliofasiriwa hivyo ni kama ujuzi wa kusoma uliofasiriwa kuwa ni kujua kufungua kitabu. Mjadala huu haukuwa wa Tanzania peke yake. Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi Marekani, alikuwa amekwisha kusema katika kitabu chake cha mwaka 1980 kwamba mtoto anapaswa kuiongoza mashine, si mashine kumwongoza mtoto. Lugha ya Logo ilibuniwa mwaka 1967 kwa kusudi hilo.

Karibu zaidi na nyumbani, Matti Tedre, Erkki Sutinen, Esko Kähkönen na Piet Kommers waliandika mwaka 2006 kuhusu kile walichokiita etnokompyuta: dai kwamba dhana za kompyuta huumbwa na jamii zinazoitumia, na kwamba kila jamii ina njia zake za kupanga, kuhesabu na kuhifadhi taarifa zinazostahili kuingia darasani. Tedre alikwenda kulijaribu dai hilo Iringa, katika Chuo Kikuu cha Tumaini, ambako shahada ya teknolojia ya habari iliyoundwa kwa kutazama mazingira ya Tanzania ilianza mwaka 2007. Wazo ni zuri. Kasoro yake moja ni kwamba etnokompyuta ilikwenda haraka kwenye vitu vinavyopendeza macho, kama mapambo, michezo ya bao na misuko ya nywele, na sarufi ikaachwa nyuma. Ilhali sarufi ndiyo mashine ya kuainisha ambayo kila mtu anayo.

Helsinki: sarufi inapokuwa programu

Waliokwenda moja kwa moja kwenye sarufi walikuwa wanaisimu. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambaye aliijua Tanzania kwa miaka mingi, alianza katikati ya miaka ya 1980 kazi ya kuifundisha kompyuta mofolojia ya Kiswahili, na mwaka 1992 akachapisha maelezo ya kichanganuzi chake, SWATWOL. Kwa nini Ufini? Jibu limo ndani ya lugha. Kifini, kama Kiswahili, hujenga maneno marefu kwa kuunganisha viambishi, na Kimmo Koskenniemi alikuwa ameunda mwaka 1983 mbinu ya ngazi mbili iliyofaa lugha za namna hiyo.

Programu za mwanzo za kusahihisha maandishi ya Kiingereza zilifanya kazi kwa orodha: neno lipo au halipo. Kiingereza huvumilia orodha, kwa kuwa kitenzi chake kina sura chache tu. Kitenzi cha Kiswahili hakivumilii. Chukua mzizi -lim-. Weka nafsi, njeo, ukanushi, yambwa, urejeshi, kisha kauli za kutendea, kutendesha, kutendana na kutendwa, na maumbo yanayowezekana yatahesabika kwa maelfu mengi: hatutawalimia, aliyewalimisha, tulipolimiana. Hakuna anayeweza kuyaandika yote katika orodha, wala hakuna haja, kwa sababu msemaji mwenyewe hayakariri. Ana mizizi na ana kanuni. Mbinu ya ngazi mbili huweka upande mmoja umbo la ndani, tuseme mu-alimu, na upande wa pili umbo linaloonekana, mwalimu, na kati yake kanuni inayosema kwamba u hugeuka w mbele ya irabu ya namna fulani. Kanuni hizo hufanya kazi pande zote mbili: kutoka ndani kwenda nje ni kuunda neno, kutoka nje kwenda ndani ni kulichanganua.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili hili ni jambo la kufurahisha, kwani linaonyesha kwamba yale aliyofundishwa darasani kuhusu mofimu si mapambo ya mtihani. Ni programu iliyokwisha kuandikwa nusu. Kutokana na kazi hiyo lilijengwa kongoo la Kiswahili la Helsinki, na mfumo mpana zaidi wa SALAMA.

Kihaya nacho hakikukosa watu wake. Mradi wa CBOLD ulioanzishwa Berkeley mwaka 1994 ulikusanya misamiati ya lugha za Kibantu katika kompyuta. Shigeki Kaji alitoa msamiati mkubwa wa Kihaya mwaka 2000. Henry Muzale alitoa kamusi ya Kihaya, Kiingereza na Kiswahili mwaka 2006 chini ya Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Upande wa pili wa mpaka, Fridah Katushemererwe alikamilisha Groningen mwaka 2013 tasnifu juu ya mofolojia ya kikompyuta ya Runyakitara, kundi la lugha za Uganda zilizo ndugu wa damu wa Kihaya. Njia, basi, imekwisha kufyekwa hadi karibu na Mto Kagera. Kinachohitajika ni kuivusha.

Nomino nyingi, vitenzi vichache

Wakati huo huo, ndani ya Afrika ya Mashariki, nguvu nyingi zilikwenda kwenye istilahi. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wa kompyuta na wa Kiswahili, walitoa pamoja na wenzao wa Sweden programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Kampuni ya Microsoft nayo ikatafsiri programu zake katikati ya mwongo huohuo. Matunda ya kazi hiyo ni maneno ambayo leo hayamshangazi mtu: tovuti, kivinjari, barua pepe, hifadhidata, kabrasha.

Pamoja na matunda ulikuja ugomvi. Kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Kipanya cha Dar es Salaam au puku wa Nairobi? Ugomvi huo haukufundisha kitu, kwani umerudiwa katika miaka ya karibuni kwa akili bandia, akili mnemba na akili unde. Waswahili wana haki ya kugombana juu ya maneno yao, na afadhali lugha inayogombaniwa kuliko isiyotakwa na mtu. Lakini itazame orodha yoyote ya istilahi za kompyuta: karibu zote ni nomino. Ni majina ya vitu vinavyonunuliwa.

Sayansi ya kompyuta, hata hivyo, haikai katika nomino. Inakaa katika hatua, masharti na marudio. Na hapa Kiswahili hakihitaji kukopa chochote, kwa sababu viambishi vyake vya kitenzi vimefanya kazi hiyo tangu zamani. Kiambishi -ki- huweka sharti: mvua ikinyesha. Kiambishi -nge- huweka sharti lisilotimia, ambalo mwanafunzi wa programu hulihitaji anapotafuta kosa: ingekuwa namba hii ni sifuri, matokeo yangekuwa nini? Kiambishi hu- hutaja kanuni isiyofungwa na wakati. Kiambishi -po- hutaja kila mara jambo linapotukia. Na -ka-, kiambishi kilichotutangulia mwanzoni mwa mhadhara huu, huweka hatua kwa mpangilio: akachukua, akakata, akaosha. Ukiibadilisha nafasi ya vitenzi hivyo, umeibadilisha kazi yenyewe. Huo ndio utaratibu wa algorithimu, na kila mtoto aliyesimuliwa hadithi za sungura na fisi anaujua.

Maagizo ya shambani yanatosha kuwa mfano. Mnyauko bakteria wa migomba uliripotiwa Kagera mwaka 2006, wilayani Muleba, ukitokea upande wa Uganda. Ugonjwa huu huambukizwa na wadudu wanaotembelea ua dume, na pia na panga linalotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Mkulima huagizwa hivi: mgomba umalizapo kutoa chana ya mwisho, vunja ua dume kwa mti wenye panda, usitumie panga, ukitumia panga, lipitishe motoni kabla hujagusa mgomba mwingine, ukiona ndizi zinaiva kabla ya wakati na usaha wa njano unatoka ukikata shina, ng'oa. Mwalimu anayetaka kufundisha sharti, mfuatano na marudio hana haja ya kutafuta mfano wa kuagiza pizza. Ndani ya maagizo hayo mna -po-, mna -ki-, mna ukanushi, na mna kosa ambalo mwanafunzi mwerevu ataligundua: agizo halisemi nini kifanyike kwa panga lililotumika kabla mtu hajajua kwamba shamba lina ugonjwa.

Darasa la kidato cha kwanza

Mtoto wa shule ya msingi Maruku hufundishwa kwa Kiswahili. Katika mtaala uliotumika kuanzia katikati ya miaka ya 2010, TEHAMA ilikuwa ndani ya somo la Sayansi na Teknolojia, kwa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza, somo la kompyuta, mahali lilipo, ni la Kiingereza, na mtihani wake ni wa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kiendelee hadi sekondari na kuendelea, pendekezo halikutekelezwa. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ilifungua mlango kwa Kiswahili kutumika katika ngazi zote. Toleo lake la mwaka 2023 limekibakisha Kiingereza sekondari. Katikati, mradi wa LOITASA ulioanza mwaka 2002, wa watafiti wa Tanzania, Afrika Kusini na Norway, miongoni mwao Martha Qorro na Birgit Brock-Utne, ulijaribu kufundisha masomo ya sekondari kwa Kiswahili na kulinganisha. Wanafunzi waliofundishwa kwa lugha wanayoielewa waliuliza na kujibu, wengine walinakili.

Kwa somo la kompyuta hasara ya kunakili ni kubwa kuliko kwa masomo mengine. Mwanafunzi anaweza kunakili sura za amiba na bado akajua kitu kuhusu amiba. Hawezi kunakili uamuzi wa kugawa taarifa, kwa sababu uamuzi ni wake au si kitu. Hoja kwamba Kiingereza ndicho lugha ya kompyuta haina uzito inaopewa. Maneno ya Kiingereza yaliyomo ndani ya lugha ya programu ni machache, yanafundishwa kwa muda mfupi, na hata Mwingereza hulazimika kujifunza maana zake upya. Kigumu ni kufikiri kabla ya kuyaandika.

Ngazi tatu katika seli moja

Mgomba umekwisha kuingia katika akili mnemba. Mwaka 2019 watafiti wa mashirika ya kimataifa ya kilimo walitoa programu ya simu inayotambua kwa picha magonjwa makubwa matano ya migomba pamoja na mdudu mmoja, iliyofundishwa kwa picha zaidi ya 18,000 za mashambani. Jina lake ni Tumaini. Kwa Kiswahili ni jina jema. Lakini jina la programu kuwa la Kiswahili si sawa na mgawanyo wa taarifa zake kujua Kiswahili, sembuse Kihaya.

Tofauti hiyo ina gharama. Mnyauko bakteria na mnyauko fuzari, ambao wengi huuita Panama, hugeuza majani kuwa njano na kuyafanya yalegee, na mtu aliye mbali na shamba anaweza kuyachanganya. Mgomba wa nyanda za juu wa kupika, ule unaozaa ebitoke, huustahimili mnyauko fuzari wa aina ya kwanza; Kisubi, ndizi ya pombe, huugua. Mnyauko bakteria hushambulia wote. Hivyo jina la mgomba peke yake ni nusu ya utambuzi: jani la njano kwenye Enchoncho au Entobe linapeleka shaka upande mmoja, na jani lilelile kwenye Kisubi linaiacha shaka pande zote mbili. Fomu yenye seli moja iliyoandikwa "ndizi" imeitupa nusu hiyo kabla ya picha kupigwa. Mhaya angeiandika bila kuulizwa.

Kuna na seli ya wakati. Afisa ugani huuliza kwa Kiswahili: panga lilitumika lini? Jibu la Kiswahili, tulikata, halisemi kama ni leo, jana au mwaka jana. -Li- hubeba wakati wote uliopita kwa mkono mmoja. Tarehe isipokumbukwa seli hubaki tupu, au hujazwa kwa kukisia. Lakini mkulima aliyejibu kwa Kihaya hakuiacha tupu. Kitenzi chake kimekwisha kuchagua kati ya leo, jana na kabla ya jana, na kwa ugonjwa unaosafiri kwenye makali ya panga, tofauti ya leo na juzi ni tofauti ya migomba mingapi imeguswa. Taarifa ilitolewa, ikapotea katika tafsiri, kisha fomu ikaandikwa kwamba haikutolewa.

Marekebisho yake ni madogo. Seli ya tarehe ibaki kwa anayeikumbuka, na kando yake iwekwe seli yenye machaguo matatu, yaliyotokana na twakoma, tukomile na tukakoma. Seli ya zao igawanywe kwa majina ya Kihaya, na kila jina liunganishwe na kundi lake la kitaalamu. Kichanganuzi cha Kiswahili kinaposoma maandishi kutoka Bukoba na Muleba, kiulize kwanza ni lugha gani, na kikikuta tukakoma bila kitenzi kingine kilichoitangulia kwenye mfululizo, kisite. Kwa maana -ka- ya Kiswahili hutanguliwa kwa kawaida na tukio jingine, na kusimama kwake peke yake ni dalili nzuri kwamba msemaji ni Mhaya anayezungumza juu ya jambo la zamani. Kanuni hiyo inaweza kuandikwa kwa mstari mmoja. Mwanafunzi wa isimu aliyesoma sarufi zote mbili anaweza kuiandika, na mwanafunzi wa kidato cha tatu wa Maruku, akiulizwa kwa lugha anayoielewa kwa nini programu ilikosea, anaweza kuigundua kabla yake.